Kicheko na Neno "Ila"

Mwanadamu hulia bila kufundishwa, lakini kulichekea jambo linalomliza ni elimu anayojipatia mwenyewe, na wengi huipata wakiwa vijana. Msomaji, bila shaka umekwisha kuiona elimu hiyo ikitumika. Aliyeanguka mtihani ndiye wa kwanza kuzifanyia mzaha alama zake. Aliyefiwa huwachekesha waliokuja kumpa pole. Na yule ambaye usingizi umemhama mwezi mzima huwapelekea rafiki zake, kwa simu, picha ya kuchekesha ya kiumbe kilichokodoa macho usiku wa manane. Zamani mizaha ya namna hii ilisikiwa na watu wa kitongoji kimoja. Leo intaneti huichukua, nayo ikasomwa na watu wa mabara yote kabla ya jua kutua. Insha hii yauliza: mzaha huo humfaa nini mwenye msiba wa moyo, nasi tuusomao twapaswa kuupima kwa kipimo gani?

Wako watu wazima waukataao wote kwa jumla. Husema ya kuwa maradhi hayachezewi, na kwamba kijana anayejicheka hadharani amekosa adabu au amekosa shukrani. Wako vijana nao waukubalio wote kwa jumla, wakisema ya kuwa kicheko ni dawa na dawa haihojiwi. Hukumu zote mbili zina haraka. Dawa huhojiwa kila siku: ni dawa gani, ya ugonjwa gani, na kwa kiasi gani? Basi na tuzitazame kazi mbili zilizochorwa nchini Marekani na kusomwa na watu wengi mno katika intaneti. Waliozichora waliujua kwa nafsi zao ule ugonjwa wa huzuni uitwao sonona. Sonona haifanani na huzuni ya siku moja. Huchukua majuma na miezi. Humwondolea mtu usingizi, hamu ya chakula, nguvu ya kazi, na hata ladha ya mambo aliyoyapenda.

Kazi ya kwanza ni katuni ya K. C. Green iitwayo "On Fire", iliyotoka mwezi wa Januari 2013. Ina picha sita. Katika picha ya kwanza mbwa mwenye kofia ameketi kitini, kikombe kiko mezani, na nyumba yawaka moto pande zote. Katika ya pili twamwona kwa karibu, anatabasamu, naye anasema ya kuwa hali ni shwari. Katika picha zifuatazo anaendelea kujituliza, anakunywa kahawa yake, moto unamshika mkono, bado anajipa moyo. Na katika picha ya sita uso wake unayeyuka. Green alieleza baadaye ya kuwa wakati alipoichora alikuwa akihangaika kupata kipimo kinachomfaa cha dawa za sonona.

Kwa nini picha hiyo iliwagusa watu wengi hivyo? Jibu la kwanza limo katika ustadi wake. Mchoraji hakuuficha moto. Maneno ya mbwa ni ya uongo, lakini picha ni ya kweli, na msomaji hupewa vyote viwili kwa mtupo mmoja wa jicho. Fikiri juu ya maamkizi yetu. Mtu akikuuliza, "Hujambo?" lugha yenyewe hukuvuta ujibu, "Sijambo," yaani huna jambo lolote, hata kama mambo yamekujaa mpaka kooni. Akikuuliza habari, hujibu kwanza ya kuwa ni njema. Mbwa wa Green anajibu "njema" kama tujibuvyo sisi sote. Tofauti ni kwamba yeye amechorwa pamoja na moto wake. Mgonjwa wa sonona aionapo picha ile hupata kitu alichokikosa katika maamkizi ya kila siku. Ameonyeshwa ya kuwa mwingine aliwahi kutabasamu ndani ya nyumba inayowaka, na kwamba yeye si wa kwanza wala si wa pekee. Faida hiyo si ndogo. Maradhi ya moyo humfanya mtu ajione yuko peke yake duniani, na lolote livunjalo upweke huo limefanya sehemu ya kazi ya tabibu.

Lakini hapa pana jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita. Watu wengi walioipokea na kuipeleka katuni ile hawakupeleka picha sita. Walipeleka mbili za kwanza tu, nazo ndizo zilizoenea duniani. Sababu yake si ngumu kuiona. Mwanabiolojia Richard Dawkins, katika kitabu alichokitoa mwaka 1976, kabla intaneti haijaingia majumbani, alibuni neno ambalo vijana wa leo hulitamka mimu. Alitaka kulitaja wazo au desturi inayotoka kichwa hiki na kuingia kichwa kile kwa kuigwa. Kinachoigwa upesi ndicho kinachoishi, na kifupi huigwa upesi kuliko kirefu. Basi mzaha upitao mikono mingi hupunguzwa kila mkono, kama muwa unaotafunwa na kila mpita njia. Katika picha sita, mbwa analipa gharama ya uongo wake. Katika picha mbili halipi kitu. Kazi ya kwanza ni onyo. Kipande kilichosalia ni mto wa kulalia.

Mwandishi mwenyewe alilitambua jambo hilo. Mwaka 2016, baada ya mbwa wake kuingizwa hata katika magomvi ya vyama vya siasa vya Marekani, Green alichora katuni nyingine. Humo mbwa yule yule anaruka kutoka kitini, anapiga kelele ya kuwa hali si shwari hata kidogo, anauzima moto, na anajilaumu kwa kuuacha uwake muda mrefu kiasi kile. Kwa sanaa, katuni ya pili haiifikii ya kwanza. Ina mahubiri ndani yake, na mahubiri hayachekeshi sana. Walakini kwa ukweli inakamilisha ambalo wasomaji walilikata. Ni mchoraji aliyerudi kumaliza sentensi yake.

Kazi ya pili ni ya Allie Brosh, ambaye alianza mwaka 2009 kuandika na kuchora hadithi za maisha yake katika ukurasa wa intaneti alioupa jina "Hyperbole and a Half". Michoro yake hufanana na ya mtoto: mwili kama bomba, vazi la waridi, macho makubwa, na kichwani kitu cha manjano kama pembe, ambacho ndicho nywele. Usidanganyike na sura hiyo ya kitoto. Jicho moja likisogezwa kidogo, msomaji huona aibu. Mdomo ukipindishwa kidogo, huona kukata tamaa. Mwezi wa Oktoba 2011 Brosh alitoa hadithi juu ya sonona yake. Alijichora amelala sakafuni, akijitukana kwa uvivu kama askari anayemtukana kuruta, na matusi hayamwinui. Mwishoni aligundua ya kuwa amekwisha kupoteza hisia zote, hata hofu ya watu, naye akatoka nje kana kwamba ameshinda vita. Wasomaji walicheka sana. Kisha akakaa zaidi ya mwaka mmoja na nusu bila kutoa hadithi nyingine.

Mwezi wa Mei 2013 alirudi na sehemu ya pili, nayo ndiyo iliyo bora zaidi katika kazi zote ninazozijadili hapa. Alieleza ya kuwa ule ushindi wa mwisho wa hadithi ya kwanza haukuwa ushindi. Kutohisi kitu kulipendeza siku chache. Kisha kukawa jangwa. Ili kuonyesha jinsi watu wema walivyoshindwa kumsaidia, alitumia mfano wa samaki. Mwenye samaki waliokufa huwaambia jirani zake ya kuwa samaki wake wamekufa, nao humjibu kwa furaha ya kuwa watasaidiana kuwatafuta, au humshauri awalishe vizuri. Kila ushauri ni mwema, na hakuna hata mmoja unaomjibu. Msomaji hucheka, na anapocheka hujiona yeye ndiye jirani. Hapo ndipo nguvu ya mzaha inapoonekana. Lau kama Brosh angaliandika waraka wa kuwalaumu rafiki zake, wangalijitetea. Kwa kuwa aliwachekesha, walisikia.

Katika hadithi hiyo anafika pia mahali pa giza kuu, ambapo hakutaka tena kuwa hai, na anasimulia ilivyokuwa vigumu kuwaambia watu wa karibu naye, hata akajikuta yeye ndiye awabembelezaye wao. Kisha siku moja, akiwa analia jikoni sakafuni bila sababu, aliona punje moja ya mahindi iliyokauka chini ya jokofu, akaangua kicheko asichoweza kukizuia wala kukieleza. Mwandishi dhaifu angalitwambia ya kuwa punje ile ilimponya. Brosh hakusema hivyo. Alisema tu ya kuwa kitu kilisogea, na kwamba hajui mambo yatakuwaje mbele. Ndiyo maana ninamwamini. Hadithi zote mbili zimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka huo huo wa 2013.

Sasa, msomaji, ziweke kazi hizi mbili pamoja. Green alichora mwaka 2013, akarudi mwaka 2016. Brosh alichora mwaka 2011, akarudi mwaka 2013. Kila mmoja wao alitoa kwanza kicheko kilichopendwa mno, kisha akaona ya kuwa kicheko kimewaacha watu njiani, akarudi kusema lililobaki. Sisi wenye Kiswahili tunalo neno la tendo hilo. Mtu akiulizwa habari za nyumbani husema, "Njema," kisha huvuta pumzi na kuongeza, "ila mtoto hawezi," au "ila mzee ametutoka." Adabu hutaka wema utangulie; kweli hutaka "ila" ifuate. Mwenye kusema "njema" akanyamaza, hali mtoto hawezi, amekula nusu ya maamkizi. Mzaha wa mwenye msiba ni "njema" ya kisasa. Si uongo wala si dhambi, ni mwanzo wa maneno. Ubora wake hutegemea kama "ila" itafuata.

Lakini "ila" ya msemaji yataka msikilizaji, na hapa ndugu zetu wa Tanzania wanatupa mfano mzuri katika desturi ya utani. Miongoni mwa makabila mengi ya huko, kama Wanyamwezi na Wazaramo, watani huja matangani na kufanya mzaha usioruhusiwa mtu mwingine yeyote. Humwigiza marehemu, huwasimanga wafiwa, na waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Mgeni akiona hayo huweza kudhani ya kuwa ni ukatili. Asichokijua ni kwamba watani hao hao ndio aghalabu wachimbao kaburi na kuzishika kazi nzito za maziko. Mtani ana haki ya kuchekesha kwa sababu amekuja na mikono yake. Mzaha wa intaneti huja bila mikono. Mtu wa mbali aliyecheka pamoja nawe saa saba ya usiku hawezi kukupikia uji asubuhi, wala kukusindikiza zahanati. Amekufaa kwa alichoweza. Lililobaki ni la walio karibu.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wametambua ya kuwa vicheko havifanani. Mwaka 2003 Rod Martin wa Kanada na wenzake walivigawa katika mafungu manne: kicheko kinachowaunganisha watu, kicheko kinachomtia mtu moyo katika dhiki yake, kicheko cha kuwaumiza wengine, na kicheko cha kujidhili ili wengine wafurahi. Mafungu mawili ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, na la nne ndilo linalotuhusu. Mbwa wa Green huweza kuwa wa fungu la pili au la nne, kwa kutegemea ampelekaye. Mmoja humpeleka akisema, "Tazama, nami pia nimo motoni." Mwingine humpeleka akimaanisha, "Acheni niungue, sistahili kuokolewa." Picha ni moja. Kwa hiyo asikudanganye mtu ya kuwa waweza kuupima mzaha kwa picha peke yake. Mpime pia na aliyeutuma.

Huenda ukauliza: kwa nini basi mtu asiseme waziwazi tangu mwanzo? Swali hilo ni rahisi kwa mwenye afya. Katika nchi yetu ya Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka zama za ukoloni, kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ni mwezi wa Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua ya kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahali ambapo maumivu ya moyo yaliweza kumfikisha mtu mbele ya hakimu, na ambapo jirani huita ugonjwa huo wazimu, uvivu au laana, ni ajabu gani ikiwa wengi walijificha nyuma ya mzaha? Mzaha ulikuwa lugha isiyoweza kushitakiwa. Aliyesema akichekwa, alicheka. Akishukiwa, alidai ya kuwa alikuwa anatania. Hivyo wanaowakaripia vijana kwa mizaha yao wangefanya vema kuuliza kwanza ni nani aliyewafungia mlango wa maneno ya wazi.

Hata hivyo, ngao inayomkinga mtu na mshale humkinga pia na mkono wa tabibu. Msema mzaha kila siku huwazoeza rafiki zake kucheka, na siku atakapokuwa na neno zito watacheka kama kawaida. Waswahili walikwisha kusema: mficha maradhi kilio humfichua. Shule zetu nyingi za bweni haziruhusu simu, walakini mzaha huu huingia kwa midomo baada ya likizo. Wewe, msomaji, utausikia katika bweni na katika foleni ya chakula. Nakupa basi vipimo vitatu, vya kupimia mzaha wako na wa mwenzako.

Kwanza, tazama kama moto umechorwa. Mzaha ulio mwema hauyafichi maumivu. Huyaonyesha kwa namna inayovumilika. Pili, sikiliza kama "ila" inafuata. Mtu aliyetania leo na kesho na keshokutwa juu ya jambo lile lile, bila kulisema hata mara moja kwa sauti ya kawaida, amekwama katika picha ya pili. Tatu, angalia kama pana mikono. Baada ya kicheko, yuko nani aliyesogea karibu?

Ukiona ya kuwa mwenzako amekwama, usimharibie mzaha wake kwa hotuba. Cheka naye kama inachekesha, kisha umngoje mtakapokuwa wawili, umwulize taratibu kama neno lile lilikuwa mzaha mtupu. Ukihofu ya kuwa anafikiri kuyakatisha maisha yake, mwulize hivyo hivyo kwa maneno ya wazi; Shirika la Afya Duniani hufundisha ya kuwa swali hilo halimtii mtu wazo alilokuwa hana, na aghalabu humpunguzia mzigo. Akikwambia ndiyo, usilifanye kuwa siri yenu. Mpeleke kwa mzazi, mwalimu, mshauri wa shule au mganga wa zahanati, na usimwache peke yake. Ipo pia namba 116 ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, ambayo hupigwa bila malipo.

Na ikiwa ni wewe uliye ndani ya nyumba inayowaka, sikuombi uache kucheka. Kucheka kwako huenda ndiko kulikokufikisha leo, na hakuna mwenye haki ya kukunyang'anya. Nakuomba jambo moja tu, dogo kuliko hotuba na gumu kuliko mzaha. Mtu unayemwamini akikuuliza habari zako, mpe "njema" yake kama adabu itakavyo. Kisha usikimbie. Vuta pumzi, useme "ila", na umwache asikie yanayofuata.